Chokaa Haina Ukoo

Garsen, 3 Aprili 1956

Nimefika. Mitumbwi miwili kutoka Kau, makanda arobaini ya mawe ya bahari, hakuna lililopungua. Kau walinicheka niliposema nitapanda mto na mawe mabichi badala ya chokaa iliyokwisha kuchomwa. Wanaocheka hawajaona chokaa iliyotoka motoni ikinyeshewa ndani ya mtumbwi. Mimi nimeona: inachemka, inatoka moshi, inaunguza mbao, na mpiga kasia anaruka majini mamba wakimngoja. Jiwe bichi halina neno hata likiloa mwezi mzima. Na kuni huku ziko bure, kule unanunua mpaka za kupikia uji.

Kazi ni birika la msikiti, pembeni ya duka la Mzee Hirsi, na Hirsi ndiye aliyeniita. Futi kumi kwa nane, kwenda chini sita. Kuta nilizipandisha Februari kwa matofali na saruji. Saruji ya lipu ikanyeshewa njiani juu ya lori, ikafika mifuko ya mawe. Barabara sasa imekatika na nyingine haitafika kabla ya Julai. Basi chokaa. Birika lisilo lipu ni kisima cha mchanga: linakunywa lenyewe.

Hii ni kazi yangu ya kwanza kwa jina langu. Miaka kumi na minne nimejenga Lamu na Kipini kwa majina ya watu wengine, na wao ndio waliopewa kahawa.

4 Aprili

Nimelipima paa la msikiti. Mabati, futi thelathini kwa kumi na nane. Mvua ya inchi moja inateremsha galoni mia mbili na themanini. Birika linataka galoni elfu tatu kasoro kidogo. Masika ya inchi kumi na robo tatu yanalijaza, na masika mazuri ya hapa hufika hapo. Likijaa, wanawake hawateremki mtoni hadi vuli. Mwaka jana mamba alimchukua mwanamke wa Ndera penye kivuko, debe likabaki linaelea.

5 Aprili

Mawe yangu yamezuiliwa.

Karani wa kivuko, Abdirahim, kijana wa Kisomali mwenye kalamu mbili mfukoni kama kwamba moja itakufa, amekuja na karatasi ya Kiingereza. Amri mpya kutoka kwa wakubwa wa samaki huko pwani. Wachoma chokaa wamebomoa miamba kwa mitaimbo, samaki wamehama, kwa hiyo ni marufuku kuvunja, kuokota, kusafirisha wala kuchoma matumbawe ya aina fulani. Aina yenyewe imeandikwa kwa neno la wataalamu: hermatipiki.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Pembeni wameeleza. Matumbawe yajengayo mwamba."

Nikacheka, nikamtolea moja kandani. Mawe yangu ni ya mviringo kama kawa ndogo, na juu yana mbavu nyembamba nyembamba, kama uyoga uliopinduliwa. Nikamwambia: hili halijengi kitu. Halishikani na mwamba wala na mwenziwe. Linakaa peke yake juu ya mchanga, huko Tenewi, maji yakitoka unaliinua kwa mkono mmoja. Mtaimbo sikwenda nao hata kwa kutembelea.

Akaligeuza, akalinusa, akakunja uso.

"Labda una haki, walaal, ndugu yangu. Mimi mtu wa ngamia, bahari nimeiona mara mbili. Nitauliza kwa barua."

"Na mawe?"

"Mawe yakae uani kwangu. Mimi sikatai. Karatasi ndiyo inakataa."

Mtu wa karatasi. Nawajua hawa. Mvua haisomi barua.

10 Aprili

Mvua ya kwanza. Abdirahim ana kipima mvua cha serikali nyuma ya ofisi, hukisoma kila asubuhi. Nilikwenda kuuliza. Robo tatu ya inchi. Galoni mia mbili na kumi, zote zimekwenda mchangani.

11 Aprili

Hakuna barua. Tanuu iko tayari: magogo nimeyapanga mviringo, njia ya upepo nimeiacha upande wa kusi, banda la makuti juu. Kinachokosekana ni kitu cha kuchoma.

13 Aprili

Ramadhani. Jana Hirsi aliniletea sahani ya futari, leo amesahau. Nimefungua kwa maji na muhogo wa jana. Kau saa hizi kila kizingiti kina mkeka, na mtu akipita anavutwa kanzu mpaka akae. Hapa nimekaa mlangoni mwa kibanda changu, watu wamepita, wamesalimu, wamekwenda kwao.

15 Aprili

Inchi moja kamili. 280.

16 Aprili

Nilipokwenda kuuliza mvua Abdirahim akaniuliza nafuturu na nani. Nikasema na mbu. Akasema, "Basi leo njoo na mbu wako."

Anapika vibaya sana. Uji wake una mabonge, nilimwambia, akajibu kwamba mabonge ndiyo nyama ya maskini. Tukacheza bao mpaka Isha. Anacheza kama anavyoandika, polepole, na kete hairudishi akishaiweka.

17 Aprili

Nimefuturu kwa Abdirahim.

18 Aprili

Vilevile. Ameongeza tende.

20 Aprili

Gumato, mama wa Kiorma mjane, ndiye anayeniletea maziwa asubuhi pamoja na binti yake Hawo. Hawo ndiye mchota maji wao. Anakwenda mtoni mara nne kwa siku na debe kichwani, na akirudi hupita kuchungulia ndani ya birika.

"Fundi, hii shimo yako nakunywa maji lini?"

"Mwulize karani."

"Karani nasema muulize barua. Barua nasema muulize nani?"

Mama yake akamkaripia kwa Kiorma, lakini naye alikuwa anacheka.

22 Aprili

Abdirahim amemwita futari Mwalimu Kalla, Mpokomo, Mkristo, anayefundisha ng'ambo ya mto. Alingoja jua lizame pamoja nasi bila kugusa kitu. Alikuja na kitabu cha elimu ya viumbe, amekifunga ndani ya kipande cha turubai. Nikampa jiwe. Akalitazama mpaka uji ukapoa, kisha akatueleza. Naandika hapa alivyosema, maana si mtu wa kupiga domo.

Matumbawe si mawe, ni mifupa ya wanyama wadogo. Ndani ya nyama ya yale yajengayo mwamba mna mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Mmea unakula jua, unapika, na sehemu ya chakula unampa mwenye nyumba. Kwa shibe hiyo tumbawe linaongeza mfupa haraka, mfupa juu ya mfupa, na huo ndio mwamba. Mengi yakaayo kilindini, gizani, hayana mpangaji huyo, nayo hukua kwa shida. Ndiyo sababu hata huku kwetu, mto unapomwaga tope baharini, mwamba hakuna: tope linamzuilia mpangaji jua.

"Sasa neno lenyewe," akasema, "lilianza kwa kazi. Hermatipiki, wa kujenga mwamba. Lakini wataalamu walipoona kwamba wenye mpangaji ndio wajenzi, wakazoea kuliita hivyo kila lenye mpangaji, limejenga au halikujenga."

"Na hili langu linaye?"

"Ulipoliokota lilikuwa na rangi gani?"

Kahawia, na kijani kidogo ukingoni. Ningeweza kusema jeupe. Nilisema kweli.

"Basi linaye."

"Kwa hiyo, mwalimu, nikipanga chumba kwa Mzee Hirsi, Hirsi naye mwashi?"

Abdirahim alicheka mpaka tende ikamtoka. Kalla hakucheka sana. "Kwa maana ya neno, fundi, umeshinda. Kwa matumizi yake, umeshindwa. Na wao wenyewe hawajaelewana. Yapo ya kilindini yasiyo na mpangaji ambayo yamejenga vichuguu vikubwa tu, na neno hawajapewa. Lakini aliyeandika amri hii ni mtu wa samaki. Ataliandika kama wenzake wanavyoliandika."

"Tungoje barua," akasema Abdirahim.

Nimerudi kibandani nikiwa na hasira, na sijui ya nani. Kitu kinalala peke yake maisha yake yote, hakuna jirani kinayemgusa, kisha watu wanakihesabu na wajenzi.

24 Aprili

Inchi moja na nusu. 420. Barua haijaja.

25 Aprili

Nimepiga hesabu ya kome wa mtoni, maana magamba yao nayo yanachomeka kuwa chokaa. Birika lina futi za mraba 296 za kupiga lipu. Nikiwa na watu kumi wa kuokota, na mto ukiwa chini, ningeyapata magamba ya kutosha kwa mwezi. Mto umefura, kome wako chini ya maji, na mamba wako pamoja nao. Nimefuta.

29 Aprili

Maji yamefika ua wa kivuko. Makanda ya chini yamezama. Mawe hayadhuriki lakini mto ukiongeza nguvu utayaviringisha hadi Kipini. Abdirahim alikuja akiwa amevua viatu, suruali ameikunja magotini.

"Wapi pakavu?"

"Pangu. Penye tanuu."

Akasimama akiutazama mto. Karatasi inasema mawe yawe mikononi mwa ofisi, na ofisi inaingia maji. Akasema, "Nitayaandika kwa jina langu, kwamba nimeyaweka kwako. Wewe huchomi mpaka jibu lije."

"Sichomi."

"Nipe mkono."

Nikampa. Tukayabeba wawili, kanda kwa kanda, tumefunga, tumelowa, hakuna aliyefika kanda la kumi bila kulalamikia mgongo. Jioni mikono yake ilikuwa imechubuka kwa zile mbavu. Nikamwambia sasa amekuwa mwashi. Akasema, "Kwa matumizi tu."

Miaka kumi na minne watu wamenipa mawe kwa kuhesabu, na jioni wamehesabu tena. Huyu hakuhesabu.

5 Mei

Inchi mbili. 560 zimepita mlangoni pangu zikienda zake. Mlizamu wa bati nimekwisha kuufunga pembeni mwa paa na unatapika chini.

8 Mei

Mashua ya posta imefika. Barua ya Hirsi, barua ya mwalimu. Yetu hakuna.

12 Mei

Idi. Nimesali safu ya pili. Hirsi amechinja mbuzi, amenipa bega. Abdirahim amekwenda malishoni kwa jamaa zake akasema angerudi jioni, mvua ikamzuia. Nimekaa na bega la mbuzi peke yangu. Kanzu niliyovaa nimeivua mapema, kwa nini niichafue.

13 Mei

Hirsi alikuja kuangalia birika lake. Tumbo lake linatangulia, fimbo inafuata. Akayapiga mawe kwa fimbo.

"Haya yanangoja nini? Mvua iishe?"

"Jibu, abti." Mjomba, kwa Kisomali chao.

"Fundi, wewe mtu mzima. Hili jiwe likiingia motoni likatoka, nani atajua lilikuwa jiwe gani? Jiwe lina ukoo. Chokaa haina ukoo."

"Nimempa karani mkono."

"Mkono." Akautazama wake kana kwamba ameuona leo. "Watu wanakunywa tope. Mimi nimewaahidi maji, wewe umeniahidi birika. Huo mkono wa karani ninywe?"

Tangu jana yake nimekuwa nikiliwaza hilohilo, naye amelitoa tu mdomoni mwangu.

16 Mei

Inchi moja na robo. 350. Jumla tangu masika yaanze ni inchi saba na nusu hivi, tukihesabu na manyunyu. Galoni elfu mbili na mia moja. Robo tatu ya birika ingekuwa imejaa leo. Abdirahim alinisomea kipimo bila kunitazama.

20 Mei

Naandika ya jana.

Asubuhi Hawo aliteremka mtoni mara ya pili. Ukingo wa kawaida umemezwa na maji, kwa hiyo siku hizi wanachota penye majani, na penye majani huoni kitu. Nilisikia debe kwanza. Halafu sauti ya watu, halafu mimi mwenyewe nakimbia na mwiko mkononi.

Mamba alikuwa amemshika mkono wa kuume, chini ya kiwiko. Gumato alikuwa amemshika binti yake kiunoni, ameketi ndani ya tope, visigino amevichimbia, hapigi kelele. Nadhani hakuwa na pumzi ya kelele. Watu wa pantoni walikuja na upondo wao wa kusukumia, mmoja akamchoma mamba jichoni, akaachia. Mkono ulikuwa bado upo lakini haukuwa mkono tena.

Abdirahim alivua shati lake akaufunga. Akaita mtumbwi. Ngao kuna hospitali, na kwa mto uliofura kuteremka si mbali, shida ni kurudi. Akaingia yeye na wapiga kasia wawili, Hawo akalazwa katikati, Gumato akampakata kichwa. Nilitaka kuingia, akasema mtumbwi umejaa. Kisha, mguu mmoja majini, akanigeukia. Aliona ninakotazama, kwenye tanuu.

"Tahir. Posta ni Jumanne. Ningoje."

Ni mara ya kwanza kuniita kwa jina langu.

Wakaondoka.

Nilirudi kwenye tanuu. Nilikaa juu ya gogo. Kwenye ukuta wa msikiti mlizamu ulikuwa bado unadondoka maji ya mvua ya alfajiri, tone, tone, juu ya mchanga, hatua mbili kutoka kwenye birika kavu. Nilijua jibu litakavyokuwa. Kalla alikwisha kunieleza, na mimi nilikwisha kumwambia ile rangi. Kama ningelikuwa sijui, ningeweza kungoja. Anayengoja ni mwenye tumaini. Jumanne ingekuja karatasi ya kusema hapana, na baada ya hapo, kuchoma kungekuwa kuvunja hapana. Jumamosi kulikuwa ni kuvunja mkono wa mtu mmoja tu. Ndivyo nilivyopiga hesabu. Ni hesabu sahihi, nimeirudia leo, haina kosa popote.

Nilipanga mawe juu ya magogo, makubwa chini, madogo juu. Hirsi alituma watu wawili wa kunisaidia bila mimi kuomba. Alasiri nikawasha. Upepo ulikuwa mzuri. Matumbawe yakishika moto yanalia, yanapasuka ndani kwa ndani kama mtu anayetafuna mifupa. Moshi ulikwenda mweupe, ukalala juu ya mto.

21 Mei

Nimezima chokaa kwa maji. Imechemka, imekaa, ni nyeupe, laini, haina mabonge. Chokaa bora kuliko zote nilizopata kuchoma.

22 Mei

Abdirahim amerudi kwa mashua ya posta. Hawo yu hai. Mkono wameukata. Gumato amebaki naye Ngao.

Niliyasikia haya kutoka kwa mpiga kasia. Abdirahim mwenyewe alipita penye tanuu, akasimama. Shati lake alikuwa hanalo, amejitanda shuka ya mtu. Akasema Jumamosi jioni, wakimshusha Hawo Ngao, aliuona moshi kwa mbali upande wa Garsen, akadhani nyumba inaungua, akawahimiza watu wapige kasia warudi kusaidia. Gumato ndiye aliyemwambia, "Hapana nyumba. Ile ni fundi."

Nikamwambia, "Uliuona ule mkono."

"Niliubeba."

"Basi?"

"Basi hakuna. Posta haikuleta jibu."

Akaenda kusoma kipimo cha mvua. Sikumfuata kuuliza.

24 Mei

Hirsi alikwenda kwa Abdirahim mchana, nami nilikuwa dukani nikasikia aliporudi anasimulia. Alimshauri aandike kwamba mto umeyachukua mawe. Mto umechukua vitu vingi mwaka huu, nani atauhoji. Abdirahim akamwambia mto haujui kujitetea.

Ameandika yalivyokuwa. Kwa jina lake, kama alivyoyapokea.

28 Mei

Lipu. Chokaa kipimo kimoja, unga wa vyungu vilivyovunjika kimoja, mchanga viwili. Unga wa vyungu ndio unaoifanya ishike penye maji. Wanawake wa Garsen wamenitwangia bila kuitwa, na wanaimba. Hawajui lolote la mkono niliompa Abdirahim, wao wanajua la Hawo tu. Wananiita fundi wetu. Nilitamani neno hilo tangu Aprili.

30 Mei

Lipu.

2 Juni

Lipu. Nafanya kazi ndani ya birika, na humo ndani sauti za watu zinafika zimefifia. Sioni ofisi ya kivuko.

6 Juni

Nimemaliza. Nimelifunika kwa mikeka mibichi likauke polepole. Kuta hazina ufa hata wa kuingiza kucha.

12 Juni

Jibu limekuja, na limekuja na mtu. Mkubwa mmoja na askari wawili. Mawe hayo, kwa jinsi neno linavyotumiwa, ni hermatipiki, yawe yanakaa peke yake au kwa jamaa. Niliitwa nikaeleza, nikasema nimechoma mimi, kwa mkono wangu, karani hakuwapo. Nilisema mara tatu. Mkubwa akanisikiliza kwa adabu. Akasema chokaa ukutani si ushahidi wa jiwe gani, na maneno ya fundi peke yake hayatoshi kunishitaki, lakini karani ameweka saini kwamba mawe yako mikononi mwake, na mawe hayapo. Hilo linatosha.

Wamemvua ukarani. Ili asikae bure wamempa kazi ya kuvuta kamba ya pantoni.

Hirsi alinishika bega nje. "Umesalimika, fundi. Mshukuru Mungu." Nikauondoa mkono wake. Hakukasirika, alikuwa na furaha mno. Huyu ndiye niliyedhani ni mtu mkubwa aliyeniamini kazi. Alitaka birika tu, na aibu ni yangu, maana nami nilitaka hilohilo.

17 Juni

Tumegeuza mlizamu kuelekea birika. Mvua nusu inchi. Nimeipima mwenyewe kwa kopo, maana karani mpya bado hajafika.

25 Juni

Inchi moja kwa siku mbili.

3 Julai

Masika yamekwisha, nadhani. Inchi mbili na nusu zimeingia, ukihesabu na manyunyu, galoni mia saba. Kina cha futi moja na inchi tano. Robo ya birika, na robo haitafika vuli, lakini wakiyatumia ya kunywa tu yatafika Septemba. Tone halijapotea. Nimeweka alama ya mkaa ukutani juzi, maji yako palepale.

4 Julai

Gumato amerudi na Hawo. Nilimchotea mwenyewe, debe la kwanza. Gumato akanywa, akampa binti yake kwa kata, akimshikia.

"Maji tamu," akasema.

Nikamwuliza Hawo hali.

"Mimi nazuri." Akauangalia mkono uliobaki, akajaribu kuliinua debe, likaegemea, likamwaga. "Debe nataka mkono mbili," akasema, akaucheka mkono wake. Mama yake alichukua debe, wakaenda. Hakunishukuru, wala hakunilaumu. Aliniachia maziwa mlangoni kama kawaida.

6 Julai

Hirsi ananiambia kuna kazi Madogo, birika kubwa mara tatu ya hili, na saruji itafika kwa lori. Wamelisikia jina langu.

7 Julai

Abdirahim hachoti kwenye birika.

Nimeliona siku tatu sasa na nilidhani ni bahati mbaya ya saa. Garsen nzima inakuja msikitini na ndoo. Yeye, akimaliza kamba ya alasiri, anachukua ndoo yake anateremka penye majani, palepale. Leo mzee mmoja alimwambia mbele ya watu, "Abdirahim, maji yako hapa karibu, wataka mamba akusalimu?" Akajibu kwa upole kwamba amezoea ya mto. Hakunitazama. Si mtu wa kuonyesha watu kitu, hilo nalijua, bao limenifundisha. Hawezi kuyanywa, basi.

8 Julai

Lori la Madogo linaondoka kesho alfajiri. Nimefunga mwiko, timazi na pima maji ndani ya gunia.

Alasiri nilikuwa nimesimama penye kivuko, nimeshika upondo wa watu wa pantoni. Abdirahim alikuja na ndoo. Akaniona, akapita. Nikamfuata, nikiwa nyuma kidogo. Penye majani aliinama, nami nikasimama kushoto kwake, maji yananifika kifundoni, upondo umeelekea mtoni, natazama kila kinachopinda juu ya maji. Hakuniambia niondoke. Ndoo ilijaa polepole, maji mekundu ya tope. Akaiinua, akapanda ukingo, akaenda kwake.

9 Julai

Lori limeondoka bila mimi. Nimemwomba Hirsi atume fundi mwingine Madogo. Abdirahim huchota mara moja tu kwa siku, baada ya kamba ya alasiri.